Gita la Mzee Lina Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kuomba Kibali cha Sampo

Kuna sekunde sita za gita ninazozikumbuka kuliko nyimbo nzima nilizotengeneza. Nilizikata kwenye santuri ya dansi iliyorekodiwa kabla sijazaliwa, nikazishusha nusu toni, nikazizungusha, kisha nikaweka ngoma na besi juu yake. Msanii akaingiza kiitikio usiku uleule. Wiki ya tatu wimbo ulikuwa unapigwa kwenye daladala. Wiki ya tano ukatoweka kwenye majukwaa yote, na msambazaji akatutumia barua pepe ya mistari minne: kuna mtu amelalamika.

Nilidhani ni lebo ya Ulaya. Kumbe ni mama mmoja wa Temeke, binti wa yule mpiga gita. Alikuwa kwenye gari akasikia solo ya marehemu baba yake. Tulipokwenda kumwona hakuanza na habari ya fedha. Aliuliza, "Jina la mzee mmeliweka wapi?" Hatukuwa na jibu.

Kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya mtu mwingine tunakiita sampo, na nimeandika mwongozo huu ili wewe usikae kwenye kochi lile nililokaa mimi. Unamhusu prodyuza anayekata vipande, msanii anayeimba juu ya biti asiyojua imetoka wapi, na meneja anayebonyeza kitufe cha kuachia wimbo. Fedha zikiwa nyingi, mlipe wakili asome mkataba kabla hujasaini. Kazi ya kabla ya hapo, ambayo ndiyo kubwa, unaweza kuifanya mwenyewe.

Wimbo mmoja, mali mbili

Usipoelewa hapa, mengine yote hayatakusaidia. Pwani na visiwani wazee walilijua jambo hili bila kusoma sheria: shamba linaweza kuwa la mmoja, na minazi iliyomo ikawa ya mwingine. Ukitaka madafu, kumwomba mwenye ardhi peke yake hakutoshi.

Rekodi yoyote ina wenyewe wa namna mbili. Kwanza kuna utunzi, yaani melodia na mashairi, ambao ni mali ya mtunzi, au warithi wake, au kampuni aliyoikabidhi kazi zake. Pili kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile kwa vyombo vile, tunayoiita masta. Hiyo kwa kawaida ni ya aliyeigharamia: lebo, redio, au msanii aliyejilipia studio. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imebeba mali hizi mbili kwenye jina lake. Utunzi unakaa upande wa hakimiliki; waimbaji, wapigaji na watengenezaji wa rekodi wanakaa upande wa hakishiriki. Kenya mambo haya yamo katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA, kwa hiyo kibali cha wimbo wa Unguja usikitafute Dar es Salaam.

Ukikata sampo umegusa mali zote mbili, na vibali unavyohitaji ni viwili.

Yaliyompata Richard Ashcroft wa kundi la The Verve yanatosha kuwa somo. Mwaka 1997 walitoa "Bitter Sweet Symphony", iliyojengwa juu ya kipande cha okestra kilichotokana na wimbo wa Rolling Stones. Kibali cha rekodi walikuwa nacho. Utunzi, hata hivyo, ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Allen Klein, aliyewahi kuwa meneja wa Rolling Stones, na mapatano nayo hayakuwa yamekamilika wakati wimbo uko tayari. Mwishowe majina ya Mick Jagger na Keith Richards yaliandikwa kama watunzi, na mapato ya utunzi yakaenda upande huo kwa zaidi ya miaka 20, hadi 2019 wawili hao walipomrejeshea Ashcroft haki zake. Muziki wenyewe haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni kibali cha pili, na kilikosekana wakati ambao yeye hakuwa tena na nguvu ya kujadiliana.

Hatua ya kwanza: tambua hasa ulichochukua

Kabla hujamtafuta mtu, fungua faili la wimbo na uandike kila sauti ambayo hukuipiga wala kuiimba mwenyewe. Utakuta mambo ya aina tofauti, na kila moja lina njia yake.

Ukichukua sauti ya rekodi, hata uibadilishe vipi, hiyo ni sampo: vibali viwili. Ukimwita mpiga gita studio akapiga upya melodia ileile, umegusa utunzi tu, rekodi hukuigusa: kibali kimoja. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na nitairudia huko mbele. Ukiurudia wimbo mzima kwa sauti yako, utunzi bado ni wa mwenyewe, na kuandika "kava" kwenye jina la video hakubadilishi kitu.

Biti ya kukodi kutoka mtandaoni ni jambo jingine. Watu wengi hununua leseni ya bei ndogo, isiyo ya peke yao, halafu wanashangaa wimbo wao unapodaiwa na msanii wa Lagos au Kampala aliyekodi biti ileile. Soma leseni inakuruhusu usikilizwaji mara ngapi, kama inaruhusu video, na kama unaweza kuusajili wimbo Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua muziki na kuudai kwa niaba ya aliyeusajili. Lupu za pakiti, yaani vipande vilivyotengenezwa tayari kwa kuzungushwa, kama vile vya tovuti ya Splice, zina leseni inayokuruhusu kuzitumia bila kulipa mrabaha, yaani malipo ya kila matumizi. Lakini maelfu ya watu wanazo pia. Ukiisajili Content ID biti iliyojengwa juu ya lupu tupu, mfumo utaanza kuwadai watu wasio na hatia, na wao watakudai wewe.

Programu za kutenganisha sauti, zinazotoa gita peke yake na sauti ya mwimbaji peke yake, zimerahisisha sana ukataji. Umiliki haujaguswa. Solo uliyoitoa kwenye wimbo kwa mashine ni ya yuleyule.

Habari ya "sekunde saba" au "sekunde thelathini zinaruhusiwa" iondoe kichwani kabisa. Hakuna sheria ya namna hiyo Tanzania wala Kenya. Hata Marekani, uliko uzoefu mkubwa wa kesi hizi, majaji hawajakubaliana. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa, katika kesi ya Bridgeport iliyohusu kipande cha gita cha sekunde mbili, ilisema pata leseni au usichukue sampo. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya hukohuko iliona kwamba mlio wa tarumbeta usiofika nusu sekunde katika wimbo wa Madonna ni mdogo mno kuwa kosa. Kama wao kwa wao wanatofautiana, usiweke mtaji wa msanii wako kwenye hesabu za sekunde. Maneno ya "sina nia ya kuvunja hakimiliki" chini ya video hayana nguvu yoyote. Kwanza ni ushahidi kwamba ulijua.

Hatua ya pili: piga hesabu ya miaka

Kazi haimilikiwi milele. Tanzania Bara na Kenya utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ukihesabu hadi mwisho wa mwaka. Rekodi hulindwa miaka 50.

Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Nyimbo alizotunga mwenyewe zinalindwa nyumbani hadi mwisho wa 2029. Tuseme umekata kipande kwenye santuri yake iliyotoka 1972: miaka 50 ya rekodi imekwisha, lakini utunzi bado una mwenyewe. Ukaishia kwenye hesabu ya santuri tu, utasema "iko huru", na utakuwa umekosea. Marijani Rajabu alifariki 1995, kwa hiyo tungo zake ni hadi mwisho wa 2045. Hukwe Zawose, ambaye watu hudhani kila alichopiga ni "ngoma ya asili tu", alifariki 2003. Tungo zake mwenyewe zitalindwa hadi 2053. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, na alizotunga mwenyewe zimeshatoka kwenye ulinzi hapa nyumbani.

Wimbo ukiwa na watunzi wawili au zaidi, hesabu huanzia kwa aliyefariki wa mwisho. Bendi za dansi zilikuwa na waimbaji wanane na wapiga gita watatu, na jina lililo mbele ya santuri si lazima liwe la mtunzi.

Tena, wimbo wako hautakaa Tanzania peke yake. Ukibonyeza kitufe cha msambazaji, unafika Marekani siku hiyohiyo, na huko rekodi zilizotoka kati ya 1957 na Februari 15, 1972 zinalindwa hadi Februari 15, 2067. Ulaya, utunzi ni maisha na miaka 70, na rekodi ni miaka 70. Ushauri wangu: piga hesabu kwa nchi iliyo ngumu kuliko zote ambako una wasikilizaji.

Hatua ya tatu: tafuta wenyewe, wote

Hapa ndipo kazi inapokula muda, na ndipo wengi hukata tamaa. Tenga wiki kadhaa.

Anza na kitu chenyewe. Piga picha lebo ya santuri, pande zote mbili: jina la kampuni, namba, jina dogo lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo. Jina hilo la mabano mara nyingi ndilo la mtunzi. Kama huna santuri, ingia tovuti ya Discogs. Wakusanyaji wa duniani kote wamepakia picha za santuri za Afrika Mashariki, nyingi zikionyesha mwaka na namba. Tovuti ya WhoSampled itakuonyesha kama kuna aliyekutangulia kukata kipande hicho. Jambo hilo ni muhimu, maana aliyekutangulia alizungumza na mtu fulani, au hakuzungumza na yeyote na kesi ikafuata.

Sasa tofautisha rekodi. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zile leo ziko chini ya TBC. Bendi zilezile zilikwenda Nairobi kurekodi santuri kwa kampuni za huko. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi mbili zinazofanana sikioni lakini zenye wamiliki tofauti katika nchi tofauti. Faili la wimbo ulilolitoa YouTube halitakwambia ni ipi. Sikiliza kwa makini: mwendo, mwitikio, tarumbeta inaingia wapi. Nimewahi kuandika barua nzuri sana kwa mmiliki wa rekodi ambayo siyo niliyoikata.

Kisha uliza bendi ilikuwa ya nani. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilikuwa chini ya shirika la DDC. Polisi, Magereza na JKT walikuwa na bendi zao. Wanamuziki hao walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na kazi iliyofanywa kwa ajira inaweza kuwa mali ya mwajiri kutegemea mkataba na sheria ya wakati ule. Usidhani moja kwa moja kwamba ni ya familia, wala usidhani moja kwa moja kwamba si yao. Uliza pande zote mbili na uandike majibu.

Baada ya hapo nenda ofisini. Tanzania Bara ni COSOTA, ambayo baada ya mabadiliko ya sheria ya 2022 ni Ofisi ya Hakimiliki, na kazi ya kukusanya mirabaha ikaachiwa taasisi za wenye haki. Kenya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki, kwa usajili, na kwa watunzi ni chama cha mirabaha chenye leseni, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa MCSK. Waambie jina la wimbo, la mtunzi na la bendi, uulize kama kuna aliyesajiliwa. Kwa nyimbo zilizowahi kutoka Ulaya au Marekani, tafuta kwenye hifadhidata za ASCAP na BMI, mashirika ya Marekani ya mirabaha ya watunzi, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Kila utunzi uliosajiliwa kimataifa una namba yake ya ISWC, na rekodi iliyosajiliwa ina namba yake ya ISRC. Ukizipata, umeokoa nusu ya safari.

Mzee akiwa amefariki, hapa kaza macho. Mtoto wa kwanza kupokea simu siyo lazima awe mwenye mamlaka. Unayemtafuta ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na una haki ya kuomba nakala ya barua ya uteuzi. Familia zetu ni kubwa. Mzee anaweza kuwa na wake wawili na watoto katika miji mitatu. Ukimlipa mmoja kwa M-Pesa bila karatasi, wanane waliobaki hawajakuruhusu. Kama hakuna msimamizi, iambie familia kwa upole kwamba unahitaji awepo, na ikiwezekana wasaidie nauli ya kwenda mahakamani. Familia zinakuwa zimepata kitu kitakachowafaa hata wewe ukiondoka, kwa sababu bila barua hiyo hawawezi kudai mirabaha mingine.

Uangalie pia mnyororo. Mwaka 2007 Rihanna alitumia kiitikio ambacho Michael Jackson alikuwa amekitumia kwenye albamu yake ya 1982. Kibali kiliombwa kwa Jackson. Lakini maneno yale asili yake ni "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Cameroon, ya 1972, na Jackson mwenyewe alikuwa ameshamalizana na Dibango nje ya mahakama mwaka 1986. Dibango akafungua kesi Paris 2009, akidai kwamba hakuombwa. Kama wimbo unaoukata nao ulikata kwingine, una mwenyewe wa tatu na wa nne.

Ngoma za jadi

Watu huniambia, "Hii ni ngoma ya kabila letu, haina mwenyewe." Melodia ya zamani isiyo na mtunzi anayejulikana inaweza kuwa hivyo, lakini rekodi yake inaweza kuwa na mwenyewe. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mashine zake za kurekodia mwaka 1950, na kanda zake ziko kwenye maktaba ya ILAM aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Ukichukua sauti hizo, waandikie ILAM kwanza.

Sheria ya Tanzania ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Kenya ilitunga sheria maalumu ya maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016. Kwa hiyo matumizi ya kibiashara yanaweza kuhitaji ruhusa rasmi. Zaidi ya hapo kuna adabu. Wimbo wa jando au wa msiba usiuweke chini ya mashairi ya klabu. Kaswida vilevile: hata warithi wakikuruhusu kwa fedha, mtunzi ana haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa, na sioni sababu ya kwenda huko.

Hatua ya nne: andika kabla hujaachia

Ukiomba kabla wimbo haujatoka, unazungumza na mtu anayeweza kukusaidia. Ukiomba baada ya kutoka, unazungumza na mtu uliyemkosea, na bei inapanda. Andika kwa unyoofu na kwa heshima, umweleze kila kitu. Mfano ninaoutumia kwa familia ni huu:

"Shikamoo Mama. Jina langu ni fulani, ni mtengenezaji wa muziki hapa Dar es Salaam. Nimetengeneza wimbo mpya nikatumia sekunde sita za gita alilopiga marehemu mzee katika wimbo wa jina fulani, uliotolewa mwaka fulani na kampuni fulani. Kipande kinaanza dakika ya kwanza na sekunde kumi, na katika wimbo wetu kinarudiwa mara nane. Nimeambatanisha wimbo wa asili na wimbo wetu ili usikilize vyote viwili, pamoja na mashairi yote. Wimbo haujatoka na hautatoka mpaka tutakapokubaliana. Tunaomba ruhusa ya kuutoa kwenye majukwaa ya mtandaoni, redio na video, jina la mzee likiandikwa kama mtunzi mwenza. Tunapendekeza malipo haya na mgawo huu. Naomba pia kujua kama kuna msimamizi wa mirathi tunayepaswa kuzungumza naye."

Kwa kampuni ya nje barua ni ileile bila shikamoo, pamoja na ISRC, ISWC na kiungo cha faragha cha kusikiliza. Mashairi usiyafiche. Kama kuna matusi au siasa, aseme hapana sasa, asije akaushusha baadaye. Kimya si kibali. Kampuni nyingine hukaa miezi, nyingine hazijibu kabisa, na jibu la kutokujibu ni hapana.

Hatua ya tano: mapatano ya fedha

Malipo huja kwa sura tatu: kiasi cha mara moja, sehemu ya mapato, au kianzio pamoja na sehemu. Kwa rekodi, mmiliki huomba kianzio na asilimia ya mapato ya masta. Kwa utunzi, huomba asilimia ya utunzi wa wimbo wako mpya, yaani anakuwa mtunzi mwenza.

Asilimia ngapi? Zima sampo, usikilize wimbo wako bila hiyo. Kama umebaki umesimama na umepungukiwa rangi kidogo, zungumzia kiasi cha mara moja au asilimia ndogo. Kama umeanguka, kama kiitikio chenyewe ni gita la mzee, nusu ya utunzi si dai la ajabu, na nimewahi kutoa zaidi. Uthamini wa haki unaanzia kwenye jaribio hilo kabla ya kuingia mezani.

Tahadhari mbili. Pande zote mbili, ya rekodi na ya utunzi, zinaweza kudai sharti la usawa: ukimlipa mwenzangu zaidi, na mimi niongezewe. Kwa hiyo usikubali bei ya mmoja bila kujua ya mwingine. Halafu jumla ya mgawo lazima iwe mia. Nimeona wimbo ambao msanii aliahidiwa 50, prodyuza 50, mwandishi 20, na mwenye sampo 40. Hesabu hiyo haiwezi kusajiliwa popote.

Hatua ya sita: karatasi

Kenya sheria inasema wazi kwamba uhamisho wa hakimiliki na leseni ya kipekee havina nguvu bila maandishi. Popote ulipo, fanya hivyohivyo. Ujumbe wa WhatsApp wenye neno "sawa mwanangu" ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, lakini usiishie hapo.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha ukiwa na haya: nani anatoa ruhusa na kwa mamlaka gani, kipande kipi cha rekodi ipi, kwa dakika na sekunde, wimbo mpya unaitwaje, matumizi yapi, nchi zipi, na hapo andika dunia nzima, muda gani, na hapo pigania muda wote wa ulinzi, kwa sababu leseni ya miaka mitano itakulazimu kurudi kuomba wimbo ukiwa umekua, malipo lini na kwa akaunti ipi, jina litaandikwaje, herufi kwa herufi, na dhamana ya mtoa ruhusa kwamba kweli ndiye mwenye haki. Taja waziwazi kama tangazo la biashara na filamu vimo au havimo. Wimbo ukipendwa, simu ya kampuni ya bia au ya simu itakuja, na kama havimo utaanza upya.

Kati yenu wenyewe jazeni karatasi ya mgawanyo siku ya kurekodi: majina halisi, namba za simu, nani ana asilimia ngapi ya utunzi na ngapi ya masta, na mstari mmoja usemao "wimbo huu una sampo" au "hauna". Prodyuza, ukimpa msanii biti yenye kipande cha mtu na ukanyamaza, umemtegea. Msanii, uliza kila mara, "Umeipiga au umeikata?" Swali hilo moja lingeokoa nyimbo nyingi. Novemba 2019 wimbo "Uno" wa Harmonize uliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba biti yake ilichukuliwa. Mtu anayesubiri wimbo wake upae hana muda wa kuchunguza kosa ni la nani. Anachokiona ni kwamba video haipo.

Kisha sajili. Haki inazaliwa kazi inapozaliwa, usajili hauizalishi, lakini cheti cha COSOTA au KECOBO kinasaidia sana mnapobishana. Na unapojaza taarifa kwa msambazaji, weka watunzi wote, pamoja na wa sampo. Nafasi hizo ndizo zinazoamua nani atalipwa.

Ukinyimwa

Kama aliyekataa ni mwenye rekodi tu, na mwenye utunzi amekubali, ita wapigaji mkapige upya. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa bado wapo wapiga gita waliokulia kwenye bendi hizo, wanaojua solo zile vidoleni. Mlipe mmoja kwa saa mbili, umpe na jina lake kwenye taarifa za wimbo. Mara nyingi kinachotoka ni kizuri kuliko kipande chenye mikwaruzo. Kama aliyekataa ni mwenye utunzi, melodia iondoke. Tunga nyingine, au tafuta kwenye tovuti ya Tracklib, ambako rekodi halisi zinauzwa zikiwa na masharti ya leseni yaliyokwisha kupangwa.

Kama wimbo umeshatoka na umeshadaiwa

Tofautisha dai la Content ID na onyo la hakimiliki. Dai huelekeza mapato kwa mdai, au huzuia video nchi fulani. Onyo huondoa video kabisa, hukaa siku 90, na maonyo matatu ndani ya muda huo yanaweza kuiua chaneli yote. Usijaze fomu ya kupinga kwa hasira. Ni tamko la kisheria, na ukishalituma mdai ana siku 10 za kazi za kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Ipinge tu kama una karatasi mkononi. Kama huna, mtafute mdai, omba radhi, mkubaliane, yeye mwenyewe aliondoe onyo.

Ndivyo tulivyofanya Temeke. Tulirudi mara tatu. Mara ya pili alikuwepo kaka yake, mwenye barua ya mahakama. Mara ya tatu tulisaini: nusu ya utunzi kwa familia, kianzio kidogo tulichokuwa nacho, na jina la mzee la kwanza kwenye orodha ya watunzi. Rekodi ilikuwa na barua yake nyingine, iliyochukua miezi miwili zaidi. Msambazaji alipouachia tena wimbo tulimpa faili lilelile na ISRC ileile, kwa hiyo hesabu ya wasikilizaji wa zile wiki tano haikupotea.